Mstari wa Wanaojikausha

9 Februari

Mwanangu Mkasi,

Salamu hizi zikukute mzima. Zikikukuta na mafua, basi zikupe pole. Mimi sijambo, ni magoti tu yananiletea ukorofi kwenye ngazi. Baba yenu mdogo amestaafu na sasa kazi yake ni kunikosoa ninavyopanga sufuria. Mwambie mama yako kitambaa nimekipata. Rangi aliyochagua ni ya pazia, si ya mtu, lakini nitakivaa kwa sababu ni dada yangu na simwezi.

Ninakuandikia badala ya kupiga kwa sababu simu yako haina siri. Ukiiweka tu sikioni, mama yako anasema weka spika na sisi tusikie. Kiwandani nako mnaziacha getini. Kwa hiyo nitakuwa natuma barua kwa basi, nawe uzichukue dirisha la vifurushi.

Mwanangu, kazi yangu unaijua. Ni wodi ya figo. Mtu ambaye figo zake zimegoma tunamuunganisha na mashine, damu inatoka, inasafishwa, inarudi mwilini, na baada ya siku mbili anakuja tena. Miaka yote niliyokaa hapa wagonjwa wangu walikuwa wazee, au watu waliokwisha kuteswa na sukari na presha. Sasa wananijia wasichana. Juzi nimempokea mmoja kucha zake zimepakwa rangi vizuri, nikaona aibu kumchoma sindano mkono mzuri vile. Nikamuuliza anafanya kazi gani. Anashona mashati. Nikamgeukia wa kiti cha jirani. Naye anashona, kiwanda kingine.

Nikawauliza kazini wanakunywa maji kiasi gani. Wakatazamana, wakacheka. Mmoja akasema, "Nesi, sisi tunajikausha."

Neno hilo nilishalisoma, Mkasi. Liko kwenye barua yako ya mwaka mpya, pale ulipojisifu kwamba mstari wako unashona asubuhi nzima na hakuna anayenyanyuka, kwa sababu wote umewafundisha kujikausha.

Niambie maana yake nini. Niambie yote, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mama yako Mdogo


3 Machi

Shikamoo Mama Mdogo, na shikamoo nyingine kwa magoti yako.

Sisi wazima. Mama anasema kama kitambaa ni cha pazia basi kirudishe, dirisha lake liko uchi. Nilimwambia hukumaanisha hivyo, akasema anakujua tangu unanyonya, ulimaanisha.

Habari kubwa ni ya Kifungo. Amepata kazi! Mdogo wangu yule yule aliyekuwa akilala na kitabu usoni, sasa yuko kwangu, mstari wangu, anashona vifungo. Jina limepata kazi yake. Mama amewaambia mtaa mzima. Mpaka muuza mkaa ananipa hongera.

Sasa lile neno lako. Mama Mdogo, wewe unaona figo hata kwenye maharage! Ngoja nikueleze utulie. Shati letu linapita mkono kwa mkono. Wa kwanza anashona kola, anampa wa mikono, anampa wa mifuko, linakwenda hivyo mpaka linafika kwa Kifungo mwishoni. Mtu mmoja akinyanyuka, kwake panakuwa na mlima wa mashati na wa mbele yake anakaa mikono mitupu. Mstari mzima unaonekana mvivu kwa ajili ya kibofu cha mtu mmoja. Na choo kiko ng'ambo ya ua, ufunguo anao msimamizi, inabidi umwombe mbele ya watu. Yeye naye ana mdomo. "Unakwenda kumwagilia bustani?" Wapakiaji wa malori wamekaa pale uani, wanakusindikiza kwa macho kwenda na kurudi. Nani anataka hayo?

Kwa hiyo tunajikausha. Chai nusu kikombe nyumbani, halafu basi mpaka jioni. Wiki ya kwanza unaona kichwa kinapasuka, lakini tunavyo vidonge vya maumivu, tunagawana, tunaviita pipi. Baadaye mwili unazoea, hata kiu huisikii. Kifungo nimemfundisha mimi mwenyewe, na amenizidi. Wazee wa mstari wanasema mtoto huyu ni kama hana tundu.

Usicheke sana. Na usiogope. Sisi ni wasichana wadogo, si wazee wako wa presha.

Mwanao Mkasi


12 Machi

Mkasi,

Marahaba. Sikucheka hata kidogo.

Baba yenu mdogo anawasalimu, amenunua miwani na sasa anaona vumbi ambalo halikuwepo. Mwambie Kifungo hongera. Mwambie nampenda. Baada ya hapo msomee haya, au afadhali umpe asome mwenyewe, maana wewe utaruka mistari.

Figo ni chujio. Chujio linataka maji. Ukilinyima maji siku nzima ndani ya joto la pasi na mashine, halafu ukalimwagia vidonge vya maumivu juu yake tumbo likiwa tupu, kila siku, linaharibika. Wala haliumi. Mwanangu, hilo ndilo linaloninyima usingizi: haliumi! Mtu anapokuja kuhisi kitu, sehemu kubwa imeshakwenda.

Wiki iliyopita alikuja daktari wa takwimu kutuambia wodi ijengwe ukubwa gani. Alichora mchoro ubaoni, wagonjwa wa sasa, wagonjwa wa miaka kumi ijayo, wa miaka ishirini. Mchoro ulipanda mpaka akakosa ubao. Mwenzangu mmoja akamuuliza, kwani kuna mdudu gani anakuja? Akasema hakuna mdudu. Ni jinsi watu wanavyofanya kazi, wanavyokula, wanavyolala, umbali wa maji, umbali wa choo, wanachoona aibu kukisema. Hayo ya leo, alisema, ndiyo wagonjwa wa kesho, na wengi wao saa hizi wanajiona wazima kabisa na wanacheka.

Nilitoka mle ndani nikaenda kukaa stoo kwenye maboksi ya glovu. Ni wewe niliyekuwa nakuona ubaoni.

Sasa nijibu. Mkojo wako una rangi gani? Unaamka uso umejaa? Unachoka kuliko zamani? Vidonge unameza vingapi? Nenda zahanati na Kifungo, ni kikopo na karatasi ndogo tu ya kuchovya, mnatoka na majibu hapo hapo. Mkichelewa nitapanda basi mimi mwenyewe na magoti yangu.

Mama yako Mdogo


30 Aprili

Shikamoo Mama Mdogo,

Samahani kwa ukimya. Tulikuwa na oda kubwa, tulishona mpaka Jumapili. Mama hajambo, kikohozi kimemwacha. Amepata paka, au paka amempata, hatujaelewa.

Mstari wetu umekuwa wa kwanza! Tumehamishiwa upande wa madirisha, kwenye upepo. Msimamizi alitupigia makofi mbele ya mistari yote na mimi akaniita nisimame. Mama alilia nilipomwambia.

Zahanati tutakwenda, usijali. Inafunguliwa tukiwa kazini na kufungwa kabla hatujatoka, ndiyo tatizo. Kuomba ruhusa kwa ajili ya mkojo, mbele ya yule bwana, bora nife.

Lakini nikutoe wasiwasi kuhusu mdogo wangu. Kazi imemkubali. Ungemwona, amenenepa! Uso umekuwa wa mviringo, mashavu yamejaa, hata viatu vya mwaka jana havimwingii. Majirani wanasema mshahara unaonekana mwilini. Mama anamwita bibi harusi. Analala sana tu akirudi, na chakula anakichokoachokoa, lakini ni uchovu wa oda. Sasa mtu anayenenepa ataumwaje, Mama Mdogo?

Mwanao Mkasi


6 Mei

Mkasi!

Salamu baadaye.

Nimepiga simu jana, umesikia mwenyewe. Nimesema mtoto apelekwe hospitali leo. Dada yangu akanicheka kwa spika, ati namwonea mtoto wivu kwa kunenepa. Na wewe ukaniitikia "sawa Mama Mdogo" kwa sauti ile ya kumwondoa mtu mlangoni.

Mtu hanenepi kwa chakula anachokichokoa. Hayo ni maji. Figo zinashindwa kuyatoa, yanabaki mwilini. Mbonyeze Kifungo kwa dole gumba kwenye muundi wa mguu, hesabu taratibu, kisha uachie. Kama ni unono, nyama itarudi. Kama shimo litabaki, usingoje oda, usingoje ruhusa, usimngoje mama yako aelewe. Mlete.

Naogopa, mwanangu. Nakuambia kama ninavyomwambia mtu mzima mwenzangu.

Mama yako Mdogo


21 Juni

Shikamoo Mama Mdogo.

Hukunisikia wiki hizi zote kwa sababu barua yako nilikuwa nayo chini ya godoro na sikutaka kumbonyeza. Kila jioni nilisema kesho. Nilikuwa namtazama miguu akiwa amelala, nakwenda kuosha vyombo.

Jana kwenye mstari mashati yalianza kurundikana mwishoni. Yalikuwa yanafika, lakini hayatoki. Nikageuka kumgombeza. Kifungo alikuwa amekaa, sindano mkononi, anatazama shati kama hajawahi kuona shati. Nikamwita jina lake la nyumbani. Akaniambia, "Dada, nuru imekuwa nyingi." Akatapika juu ya kazi.

Msimamizi alikuja kuuliza nani atalipa lile shati. Nilipiga magoti nikambonyeza pale pale, mbele ya watu. Dole gumba langu liliingia kama kwenye unga uliokandwa. Nikatoa mkono. Shimo lilibaki, Mama Mdogo. Mwenye mifuko aliliona, mwenye kola aliliona, na wote wakaanza kujishika miguu yao.

Hospitali ya hapa wamempa gari la kumleta kwenu. Mama yumo, anakuja na kanga mbili na hana hata mswaki. Hazungumzi na mimi. Barua hii nampa mama mkononi ili isipotee, nadhani hatakuambia neno mpaka aje alie.

Mimi nimebaki. Mmoja lazima abaki kazini sasa kuliko wakati wowote. Mwambie Kifungo nafasi yake ipo, hakuna aliyekalia kiti chake.

Mpokee. Wewe unajua kuwapokea.

Mkasi


15 Julai

Mwanangu,

Mama yako anakusalimu. Ndiyo, anakusalimu, nimemlazimisha kwanza lakini baadaye alirudia mwenyewe. Analala chumba cha pili kwangu, amempanga upya baba yenu mdogo na sufuria zake, na wote wawili wameungana dhidi yangu.

Kifungo yuko hai. Natanguliza hilo kwa sababu najua ulitupa macho chini ya karatasi kulitafuta. Anaunganishwa mashine mara tatu kwa wiki. Maji yamepungua, uso umerudi ule wa zamani, mwembamba, na mama yako alipouona alilia kana kwamba ndio umekwisha. Figo zake hazijaamka. Daktari anasubiri wiki chache zaidi. Zisipoamka, itabidi apate ya mtu.

Ijumaa nilimkuta anahangaika kitini, nikamuuliza anataka nini. Alitaka kwenda chooni. Alikuwa amebana tangu asubuhi. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama Mdogo, nikitoka hapa, naharibia wangapi?" Nilimshika mkono nikampeleka, na huko nje nilijiegemeza ukutani nikalia kama mtoto.

Najua unajilaumu. Acha. Wewe hukukifunga kile choo kwa ufunguo, wala hukuwapanga wale wanaume uani. Ulimfundisha mdogo wako kuishi pale ulipofundishwa wewe. Lakini barua zako nimezipanga mezani kuanzia mwaka mpya, nimezisoma zote tena, na kuna mtu mmoja simuoni humo. Nilikuuliza habari zako Machi. Mkojo, uchovu, vidonge. Umeniandikia Kifungo, umeniandikia paka, umeniandikia madirisha. Uko kwenye mstari ule miaka saba.

Wewe je?

Mama yako Mdogo


9 Septemba

Shikamoo Mama Mdogo,

Nimefika nyumbani salama jana kutoka kwenu. Asante kwa mkate, niliugawa kwenye basi.

Nimefurahi kuliko nilivyofurahi mwaka huu wote. Kifungo ameniita jina alilonipachika akiwa mdogo na nimemchekesha mpaka mashine ikapiga kelele. Mlipochukua damu yangu na mkojo wangu nilitamani mchukue zaidi. Mnasema kundi langu la damu na la Kifungo ni moja? Basi imekwisha, figo nampa mimi! Mungu alinipa mbili, na nilikuwa sijui ya pili ni ya nini. Nimeshamwambia mwenye kola ashike uongozi mwezi wote nitakaokuwa kitandani.

Lile swali lako la Julai najua sikulijibu, hata ana kwa ana nilikukwepa. Nililiogopa. Sasa siliogopi, maana vipimo vyenu vitalijibu, na mimi najiona mzima wa chuma. Wakishasema tarehe nipigie. Piga hata kwa spika!

Mwanao, mwenye figo ya ziada,
Mkasi


27 Septemba

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Mvua zimeanza, paa linavuja pale pale, baba yenu mdogo ameweka ndoo na anaisimamia kama mlinzi. Kifungo alikula vizuri jana. Mama yako ameshona ile kanga ya pili.

Nimeandika hayo nikasimama, nikafagia jiko ambalo lilikuwa safi, nikarudi kukaa. Nilikupigia Alhamisi nikakata kabla hujapokea, kwa sababu mama yako alikuwa mlangoni. Barua hii nampa kondakta mkononi, kesho utakuwa nayo.

Ulipokuwa bado hapa, daktari aliniita na makaratasi. Alikuwa ameyashika mawili, la Kifungo na la kwako. Akanionyesha moja akaniuliza, "Nesi, hili ni la mgonjwa au la mtoaji?" Nikamwambia la mtoaji. Akasema basi wamechanganya, akaagiza yarudiwe. Ndiyo maana nilikuomba sampuli ya pili, nikakudanganya kwamba chupa ilivunjika. Yamerudi yale yale.

Mkasi, huwezi kumpa mdogo wako figo. Zako zote mbili zimebakiza chini ya nusu ya nguvu yake, na damu yako ina presha ambayo hujawahi kuihisi. Umekuja hapa kuokoa mtu na wewe mwenyewe ulikuwa wa kuokolewa. Sentensi hii nimeiandika na kuifuta mara tatu, nisamehe mwandiko.

Bado hujafika alipo mdogo wako. Sikiliza hilo, lisome mara mbili. Ukiacha vidonge leo, ukinywa maji, ukimeza dawa za presha, ukifuatwa na daktari, inawezekana usifike kabisa. Lakini usirudi kwenye mstari ule. Kifungo tutamtafutia mtu mwingine, hata mimi nimeomba nipimwe na uzee wangu. Yeye hajaambiwa. Mama yako hajaambiwa. Mimi ndiye ninayejua peke yangu ndani ya nyumba hii, na sijui niweke wapi uso wangu wakati wa kula.

Njoo.

Mama yako Mdogo


29 Septemba

Shikamoo Mama Mdogo.

Barua niliichukua asubuhi nikienda kazini, nikaisomea getini. Halafu nikaingia. Usinigombeze, sikuingia kushona.

Niliinua mkono kama msimamizi anavyoinua, mashine za mstari zikanyamaza, nikawasomea. Tangu pale kwenye makaratasi mawili mpaka mwisho. Msimamizi alikuja kasi akiuliza kuna msiba gani, nilipofika kwenye "la mgonjwa au la mtoaji" akasimama. Ni mwenye kola aliyenyanyuka kwanza, akavua aproni yake akaikunja. Akaniambia, "Mkasi, mimi nilikuwa hapa kabla yako. Mimi ndiye niliyekufundisha." Akatoka. Tukatoka wote nyuma yake, tukapita uani mbele ya wale wanaume, na nakuapia hakuna aliyetutazama.

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la zahanati. Tumejaza ukumbi. Tumekaa kwa mpangilio wa shati, kola, mikono, mifuko, na hakuna aliyetupanga hivyo. Mistari mingine imeanza kuja, wanasimama nje kwenye mvua. Nesi ameishiwa vikopo, ametuma mtu akatafute. Mwanzoni kulikuwa na vicheko, nani atajaza kikopo, nani amekauka. Sasa kila mtu anatazama mlango wa nesi.

Nitakuja na basi la jioni. Naogopa, Mama Mdogo. Nilikuwa sijalisema mwaka mzima, nalisema sasa, na simwogopei Kifungo peke yake wala mimi. Nawatazama hawa mmoja mmoja, naviona viatu vyao vinavyowabana, mashavu yao mazuri, nakumbuka kila mmoja niliyemgawia pipi.

Mwenye kola ameitwa ndani kupewa majibu. Wenzake wawili walioingia baada yake wameshatoka. Yeye bado, na nesi amefunga mlango.

Mkasi